Nyuzi 85 Lushoto: Namna Kompyuta Inavyosubiri

Asubuhi moja ya Julai, baridi ikiwa bado imelala juu ya mashamba ya kabichi, nilifungua kumbukumbu za kipimajoto nilichokifunga kwenye nguzo nyuma ya nyumba, hapa Lushoto. Usiku kucha joto lilikuwa linashuka taratibu kama ilivyo desturi ya mwezi huo: 12.4, 11.8, 11.1, 10.6. Kisha, saa 11 kamili alfajiri, 85. Usomaji uliofuata, 10.3.

Nyuzi 85 za Selsiasi ni chai iliyotoka tu jikoni. Huku tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Julai watu huota moto jioni. Nilidhani kihisi kimekufa. Hakikuwa kimekufa. Kinaitwa DS18B20, kipande cheusi cha ukubwa wa punje ya mahindi chenye miguu mitatu, na 85 ndiyo namba ambayo watengenezaji waliiweka ndani yake iwe ya kuanzia. Kipe umeme, kiulize kabla hakijamaliza kupima, nacho kitakujibu 85. Kwa usahihi wake wa juu kabisa kinahitaji hadi milisekunde 750, yaani robo tatu ya sekunde, kulipima joto. Nami, ili kutunza betri, hukizimia umeme kila kikishasoma na kukiwashia tena zamu yake inapofika. Jibu la 85 lilikuwa na tafsiri moja tu: nilikiuliza mapema.

Programu ilikuwa imeambiwa isubiri, ila iliambiwa vibaya. Kwa kutaka kujifunza, nilikuwa nimeandika mwenyewe kiendeshi cha kihisi hicho, ile programu ndogo inayoishi ndani ya kiini cha mfumo endeshi na kuzungumza na kifaa. Badala ya kuomba kiini kinisubirie, niliweka kitanzi kitupu: hesabu kuanzia sifuri hadi namba fulani kubwa, usifanye lingine lolote. Nilikijaribu, kikachukua kama milisekunde 800, nikaridhika. Wakati huo nilikuwa nimekifungia kichakataji mwendo wa chini kabisa ili kisinywe umeme mwingi. Lakini mara moja kwa wiki, saa 11 alfajiri, kuna kazi ya kubana kumbukumbu zote na kuzituma, na kazi hiyo nilikuwa nimeiruhusu kufungua mwendo wote. Kichakataji kikakimbia zaidi ya maradufu, kitanzi kikaisha kabla ya nusu ya muda wake, swali likafika kihisi hakijamaliza.

Kosa hilo lina umri mrefu. Linus Torvalds, aliyeanza kuandika kiini cha Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, alikabiliwa na jambo lilelile: kitanzi cha namba moja huchukua muda tofauti kwenye kila mashine. Dawa aliyoitumia ni kuifanya mashine ijipime yenyewe kila inapowashwa. Kiini kilizungusha kitanzi kati ya pigo moja la saa na linalofuata, kikahesabu mizunguko, kikaandika matokeo kwenye skrini kwa jina la BogoMIPS. Hiyo "bogo" yenye maana ya bandia aliiweka makusudi, kumwonya msomaji kwamba namba hiyo si kipimo cha kweli cha nguvu za kompyuta. Ni ya kitanzi kujua urefu wake tu. Siku hizi, kwenye mashine nyingi, kiini kimeachana na kuhesabu mizunguko kabisa na husoma kihesabio kilichomo ndani ya mashine ambacho mwendo wake haubadiliki kichakataji kikienda mbio au kikitambaa. Mimi nilirudia, peke yangu, njia ambayo wenzangu walishaiacha.

Kwa hiyo kompyuta inasubirije? Nenda ukasimame Soni, pale barabara ya Bumbuli inapoachana na ile inayopanda kutoka Mombo kuja Lushoto. Abiria anamwambia wa bodaboda, "Nisubiri hapohapo nichukue vocha." Dereva hazimi pikipiki. Mguu chini, injini inanguruma, petroli inaungua, na hawezi kumbeba mtu mwingine. Lakini abiria akigeuka tu, wameshaondoka. Mwingine anamwambia, "Nisubiri, naingia zahanati." Huyo dereva anazima, anatoa ufunguo, anakaa kivulini, na akitokea mteja wa karibu anampeleka na kurudi. Kuwasha tena kunamgharimu muda kidogo, ila haoni hasara.

Kiini nacho kina njia hizo mbili, na hakina ya tatu. Ya kwanza ni kusubiri injini ikinguruma: kichakataji kinaikodolea macho saa yake mpaka muda upite, na hakimfanyii mtu mwingine kazi. Katika Linux, kazi hiyo inaitwa udelay. Ya pili ni kulala: programu inajiandikisha, "niamsheni baada ya muda fulani," inapisha, na kichakataji kinashughulikia wengine, au kama hakuna wengine kinapumzika. Hiyo ni msleep na jamaa zake. Kwa miaka mingi mwongozo wa waandishi wa kiini cha Linux ulisema hivi: chini ya mikrosekunde 10 au hapo karibu, acha injini iwake, kuanzia hapo hadi milisekunde 20, lala kwa kutumia saa za usahihi mkubwa, zaidi ya hapo, lala usingizi wa kawaida. Sababu ni ileile ya Soni. Kulala na kuamka kuna gharama yake, na kwa jambo la kufumba na kufumbua gharama hiyo inazidi muda wenyewe.

Ila kuna mahali ambapo kulala ni marufuku hata ukitaka. Chukua mtu aliyeingia ghala la ushirika, akafunga mlango kwa ndani ili ahesabu magunia bila kusumbuliwa, kisha akasinzia. Walioko nje hawawezi kuingia, na pengine mwenye kazi ya kumwamsha ni mmoja wao. Kiini kikiwa kimeshika kufuli la aina hiyo, au kikiwa katikati ya kuitikia hodi ya kifaa, hakiruhusiwi kusinzia. Kikisinzia, mashine nzima huweza kusimama. Hapo kama ni lazima kusubiri, husubiri macho, na mwandishi mwenye huruma huhakikisha ni kwa muda mfupi mno.

Kihisi changu ni mfano mzuri kwa sababu kinadai aina zote mbili ndani ya sekunde moja. Mazungumzo yote kati yake na kompyuta hupita kwenye waya mmoja tu, na waya huo una hali mbili: juu au chini. Kuamsha kihisi, kiini cha Linux hushusha waya kwa mikrosekunde 500, hubandua mkono, husubiri mikrosekunde 70, kisha huangalia. Kikikuta waya umeshushwa na upande wa pili, maana yake kihisi kimeitika, nipo. Halafu maneno yanaanza. Kuandika "moja", waya hushushwa kwa mikrosekunde 6 na kuachwa juu kwa 64. Kuandika "sifuri", hushushwa kwa 60 na kuachwa kwa 10. Tofauti ya moja na sifuri, ambayo ndiyo tofauti ya nyuzi 10 na nyuzi 20, ni urefu wa kimya. Wakati wa kusoma ni mgumu zaidi. Kompyuta hugusa waya, huuachia, kisha lazima iangalie kabla ya mikrosekunde 15 kutimia. Ikichelewa, kihisi kimeshaondoa mkono wake, na kila jibu litaonekana "moja".

Mikrosekunde 15! Katika muda huo mwanga husafiri kilomita 4 na nusu, pungufu kidogo ya mwendo wa kutoka Lushoto mjini hadi kwenye genge la Irente, unakochungulia nyika ya Mazinde chini kabisa. Ukilala hapo, hata usingizi wa kuku, utaamka muda umeshapita. Kwa hiyo kiini hufanya jambo ambalo hulifanya kwa kusitasita: hufunga mlango kisisikie hodi yoyote, si ya kibodi, si ya mtandao, si ya saa yake yenyewe, kinasoma ile biti moja, kisha kinafungua. Halafu baada ya ukali wote huo, kinapotoa amri ya kupima joto, kinaingia kwenye zile milisekunde 750 na kulala fofofo. Kwa kichakataji kinachopiga hatua bilioni moja kwa sekunde, hizo ni hatua milioni 750 ambazo wengine wanaweza kuzitumia. Kitanzi changu kilizichoma zote bure, na bado kikawahi.

Neno hilo la kuwahi ndilo ningependa msomaji alishike. Kiini kinapokubali kukulaza, ahadi yake ina upande mmoja: sitakuamsha kabla ya muda. Hakisemi hata siku moja kwamba hakitachelewa. Kwa kawaida saa ya kiini hupiga mara 100, 250 au 1,000 kwa sekunde, kulingana na alivyotaka aliyeijenga. Tuchukue 100, yaani pigo moja kila milisekunde 10. Programu inaomba kulala milisekunde 1. Pigo linalofuata liko karibu kiasi gani? Pengine milisekunde 9 mbele, pengine limebakiza chembe ya muda. Kiini kikiamsha kwenye pigo la kwanza, kuna siku kitaamsha mapema. Kwa hiyo huruka hilo la kwanza na kungoja la pili, na aliyeomba milisekunde 1 anaweza kulazwa hadi 20. Wanafunzi wengi wakikutana na hesabu hiyo hudhani ni uzembe. Mimi naiona kuwa ni uaminifu. Kwa kihisi cha joto, kuchelewa milisekunde 20 hakumdhuru mtu. Kuwahi kunaandika nyuzi 85 kwenye rekodi ya hali ya hewa.

Wanaohitaji zaidi ya hapo walipatiwa njia kuanzia mwaka 2006, Thomas Gleixner na wenzake walipoanza kuingiza kwenye Linux saa za usahihi mkubwa, ambazo hazingoji pigo bali huagiza kuamshwa kwa wakati wake hasa. Kati ya jamaa za msleep zinazotumia saa hizo kuna moja ninayoipenda, usleep_range, kwa sababu hudai uombe kama tunavyoombana sisi: "njoo kati ya saa 3 na saa 3 na nusu." Unakipa kiini mwanzo na mwisho. Nacho, kikiona wengine wawili wanataka kuamshwa ndani ya nafasi hiyohiyo, huwaamsha wote kwa mkupuo mmoja. Ni Haisi inayosubiri abiria wawili watatu wafike kituoni kuliko kushuka Mombo mara tatu na mtu mmoja mmoja.

Nani atajali kuamka mara moja au mara tatu? Atajali mtu mwenye paneli ya sola chini ya ukungu wa Usambara. Kuna wiki, masika yakikolea, jua halionekani Magamba kwa siku mfululizo, na betri inaishi kwa akiba. Zamani kiini kilipigiwa saa mara mia au mara elfu kwa sekunde hata kama hakikuwa na kazi yoyote, kama mlinzi anayeamshwa kila dakika kuulizwa kama amelala. Mwaka 2007 Linux ilianza kuacha tabia hiyo: kusipokuwa na kazi, kiini hutazama ni nani wa kuamshwa mapema zaidi, huweka kengele moja kwa ajili yake, na huzima mapigo mengine yote. Mashine hupata usingizi mrefu usiokatwakatwa, na usingizi huo ndio betri.

Katika Afrika Mashariki jambo hili halikuishia kwenye nguzo za watu binafsi. Mradi wa WIMEA-ICT uliwakutanisha Chuo Kikuu cha Makerere, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Juba na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway ili kubuni vituo vya hali ya hewa vinavyojiendesha na ambavyo nchi zetu zinaweza kuvimudu. Vituo vyao vya majaribio vilitumia vifaa vidogo vyenye mfumo endeshi uitwao Contiki, uliobuniwa na Adam Dunkels nchini Sweden kwa ajili ya mashine zenye kumbukumbu ya kilobaiti chache tu. Ndani ya kiini kidogo namna hiyo karibu kila kitu ni kusubiri. Kifaa hulala, huamka, hupima, hutuma neno fupi kwa redio, hulala tena. Ukihesabu siku nzima, muda wa kazi ni punje. Anayejua kuandika kusubiri ndiye amekiandika kituo.

Kipima mvua hata hakihitaji kuulizwa. Ndani yake kuna vijiko viwili vilivyoungana kama bembea. Kimoja kikijaa, kwa kawaida milimita 0.2 za mvua, hupinduka, na sumaku yake hugusanisha swichi. Hiyo ni hodi. Kiini hulala mpaka kigongewe. Tatizo ni kwamba swichi ya chuma haigusi mara moja ikatulia. Hudundadunda kwa milisekunde chache, na kijiko kimoja huandikwa kuwa vinne. Tiba yake ni kusubiri tena: ukishasikia hodi ya kwanza, ziba masikio kwa milisekunde 50 hivi, ndipo usikilize nyingine. Hata mvua ya vuli inayopiga bati mpaka watu washindwe kusikilizana haipindui kijiko mara mbili ndani ya muda huo.

Yote haya yanadai saa, na kompyuta ina saa mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa. Moja ni ya ukutani: leo tarehe ngapi, saa ngapi. Hii huhesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za Greenwich, ambapo hapa kwetu ilikuwa saa 9 usiku. Ya pili huanza mashine inapowashwa na hukua tu, hairudi nyuma wala hairuki. Mzungumzaji wa Kiswahili anaielewa hiyo ya pili bila kufundishwa. Saa zetu huanza kuhesabiwa kunapokucha; saa 1 asubuhi ni saa moja tangu siku iamke. Kiini nacho hupima vipindi vyake tangu kiamke.

Ya ukutani husahihishwa, na hapo ndipo hatari ilipo. Kompyuta ndogo za bodi moja mara nyingi hazina betri ya kutunzia saa. Umeme ukikatika saa 2 usiku na kurudi saa 11 alfajiri, mashine huamka ikidhani bado ni saa 2, mpaka ipate mtandao na kuambiwa. Sasa programu iliyoandikwa "subiri mpaka saa ya ukutani ionyeshe dakika 10 zaidi" huona saa tisa zimepita kwa mpigo, na inaacha kusubiri papo hapo. Saa ikirudishwa nyuma, hungoja nusu ya usiku. Ndiyo maana kusubiri hupimwa kwa saa ya pili, na ile ya ukutani hutumika kuandika lebo: mvua hii ilisomwa saa 3 asubuhi, saa ambayo wapima mvua wa ukanda huu huisoma kila siku.

Usidhani ni sisi wa umeme wa kukatika tu. Tarehe 30 Juni 2012 sekunde moja ya ziada iliongezwa kwenye saa za dunia. Kwetu ilikuwa Julai mosi, saa 9 usiku. Ndani ya Linux saa ya ukutani ilirudi sekunde moja, lakini saa za usahihi mkubwa hazikuarifiwa vizuri. Programu zilizoomba kulala kwa muda wa chini ya sekunde moja ziliambiwa muda wenu umeshapita, zikaamka, zikaomba tena, zikaamka tena. Seva sehemu nyingi duniani zilikesha zikizunguka kwa nguvu zote bila kufanya kazi yoyote. Kulala kulikuwa kumegeuka kitanzi changu.

Ndani ya saa ndogo zinazotunza wakati kwa betri, mara nyingi kuna kipande cha fuwele ya kwatsi, kilichochongwa kama uma mdogo, kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo imechaguliwa kwa sababu ukiigawa kwa mbili mara 15 unapata moja. Nacho husumbuliwa na hali ya joto. Kimetengenezwa kiwe sahihi kwenye nyuzi 25. Joto likizidi au likipungua, pande zote mbili kinachelewa, na kinachelewa kwa mraba wa tofauti. Kwenye nyuzi 15, wastani wa kawaida wa baridi yetu ya Julai, kinapoteza karibu theluthi moja ya sekunde kila siku, kama sekunde 9 kwa mwezi. Saa ileile ukiishusha Mombo kwenye nyuzi 30 inapoteza kama robo ya hizo. Kilomita thelathini na kitu za kona, na sekunde zimeshabadilika.

Kitanzi nilikiondoa siku ileile, nikaweka msleep. Lakini lililonisumbua zaidi ni kwamba kosa lilijificha wiki nzima kabla ya kujitokeza, na lingeweza kujificha zaidi. Wahandisi wa Linux wanalijua jambo hilo. Kihesabio chao cha mapigo, kikiwa cha biti 32 na mapigo 1,000 kwa sekunde, hujaa na kurudi sifuri kila baada ya siku 49.7, na programu iliyoandikwa ovyo huanguka hapo, mwandishi akiwa ameshasahau alichoandika. Kwa hiyo hawakukianzisha kutoka sifuri. Walikianzisha dakika tano kabla ya kujaa, ili kila mashine ya Linux inapowashwa ivuke kizingiti hicho mapema, kosa likiwepo lionekane wakati mtu bado yuko mbele ya skrini.

Nimewaiga. Kila nikiwasha kituo changu, kazi ya kwanza kinayofanya ni kufungua mwendo wote wa kichakataji, kuanza kubana kumbukumbu, na katikati ya pilikapilika hiyo kukiuliza kihisi joto mara ishirini. Mimi huwa bado nimesimama pale kwenye nguzo, koti limefungwa mpaka kooni, nasoma namba kwenye simu.